Ajali imepita lakini mwili bado unakimbia: jinsi ya kuutuliza hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kwa mtu mmoja mmoja: hatari imeisha, mbona mwili bado unashtuka? Wiki hii tu wamenijia watatu. Wa kwanza dereva boda wa Gungu hapa Kigoma, aligongwa na fuso akapona vizuri kabisa, lakini sa hivi akisikia breki za gari anaruka pembeni hata kama amekaa zake kijiweni anakunywa kahawa. Wa pili mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi, hajalala usiku mzima tangu walipovamiwa nyumbani, kila mlango ukigonga anahisi ni wao. Wa tatu kijana mdogo tu, hakusema kilichompata na mi sikumuuliza, aliniambia tu "kaka, moyo unaenda mbio nikiwa nimekaa, nimepima presha wanasema niko freshi, sa nini hiki?"

Mi sio daktari, nauza vipuri vya injini za boti hapa Mwanga. Ila miaka sita iliyopita boti tuliyopanda ilipigwa na upepo wa kusini usiku ikapinduka, nikaelea nimekumbatia dumu tupu la mawese la lita 20 mpaka wavuvi wa dagaa walipotusogelea na taa zao. Watu wawili hatukurudi nao. Baada ya hapo, karibu miaka miwili, nikisikia harufu ya mawese tu mikono inatetemeka, na we unajua Kigoma, mawese yako kila jiko. Siku moja niko kwa shemeji wamepika migebuka ya mawese, nikajikuta nimesimama barabarani peku na sahani mkononi, sikumbuki nilitokaje mezani. Shemeji mpaka leo anauliza ile sahani ilivunjikaje.

Watu walinipa maneno mazuri. Jikaze. Mshukuru Mungu umepona. Usiwaze sana. Nilishukuru sana tu, lakini mikono iliendelea kutetemeka, kwa sababu mwili uliopata kiwewe hausikii nasaha. Unasikia pumzi, miguu iliyokanyaga chini, baridi, uzito, sauti ya mtu unayemwamini. Hizo ndo lugha zake, na mwongozo huu wote ni wa kuongea nao kwa lugha hizo.

KABLA HUJAANZA, SOMA HAPA USIRUKE

Kama hatari bado ipo, yani anayekupiga bado unalala naye nyumba moja, au waliokuvamia bado wanapita mlangoni, basi mwili wako haujakosea kukimbia, una haki. Kwanza utoke kwenye hatari. Nenda kwa ndugu, kwa mwenyekiti wa mtaa, dawati la jinsia polisi, afisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto kuna namba 116, ni bure. Mazoezi ya pumzi hayazuii ngumi.

Kama unawaza kujiua au kumuumiza mtu, usianze hatua ya 1, mwite mtu sa hivi akae na wewe na mwende hospitali leo leo, sio kesho. Alafu visu, dawa za panya na za shambani, vidonge, kamba, vitoke ndani ya nyumba kabla hamjaondoka.

Na kama uligonga kichwa kwenye hiyo ajali na mpaka sasa kinauma, unatapika, unasahau sahau au unaona ukungu, hiyo ni ishu ya hospitali kwanza, usije ukajitibu kiwewe kumbe damu inavuja ndani.

VITU VYA KUANDAA

Havina gharama.

- Sehemu ya kukaa dakika 10 bila kusumbuliwa, hata nyuma ya nyumba. Kaa ambapo mlango unauona, usiupe mgongo.
- Kitambaa na maji ya baridi, ya mtungi yanatosha.
- Kitu chenye harufu kali unayoipenda, limao au tangawizi. Isiwe harufu inayofanana na ya siku ile.
- Kitu kizito, blanketi zito, au mfuko wa mchele wa kilo mbili tatu wa kupakata mapajani.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja tu anayejua unafanya nini. Mmoja! Sio grupu la familia.
- Simu ya kuhesabia dakika, ukishaiwasha ifunike uso chini.

NADHARIA KIDOGO TU

Ukipata hatari mwili unamwaga adrenalini, moyo unakimbia, misuli inakaza, tumbo linasimama kazi, macho yanatafuta pa kutokea. Hiyo ndo iliyokuokoa. Shida inakuja pale ambapo hatari imeisha ila mishipa ya fahamu haijapata taarifa, kwa hiyo kila kinachofanana na siku ile, harufu, mlio, giza, hata upepo kwenye bati, kinawasha injini upya. Wengine haiwaki, inazima kabisa: wanakuwa na ganzi, wanatazama tu, hawasikii njaa wala uchungu. Yote mawili ni kiwewe. Wala sio udhaifu, nimeona mabaharia wa miaka 30 ziwani wanalia kwa sababu mlango umebamizwa.

Breki unayoweza kuifikia kwa mkono wako ni pumzi ya kutoka. Ukitoa hewa polepole moyo unapunguza mwendo, ukivuta unaongeza kidogo. Basi, nadharia imeisha.

HATUA YA 1: Jua uko upande gani

Kila asubuhi na jioni jiulize swali moja, nimewaka, nimezima, au niko sawa? Kuwaka ni moyo mbio, hasira za karibu, kushtuka, jasho, usingizi hamna. Kuzima ni ganzi, uzito, kutoongea, kujiona kama unajitazama kwa mbali. Andika neno moja tu kwenye daftari, "nimewaka" au "nimezima", na saa. Usiandike habari ya siku ile, sio kazi ya daftari hili bado.

Kwa nini hii ni ya kwanza? Kwa sababu dawa zake hazifanani. Aliyewaka anahitaji kushushwa (hatua ya 2, 3 na 4), aliyezima anahitaji kuamshwa taratibu (nenda hatua ya 5 kwanza alafu urudi). Watu wengi wamezima wanaambiwa wakae kimya wapumue, wanazidi kuzama, alafu wanasema haya mambo ya Wazungu hayafanyi kazi.

HATUA YA 2: Pumzi ya kupuliza uji

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, kwa hiyo na mimi nitapaandika kirefu.

Kaa, nyayo zote mbili chini. Vuta hewa kwa pua huku unahesabu nne, kawaida tu, usijaze kifua kama unaenda kuzamia. Sasa toa kwa mdomo umebana midomo kidogo huku unahesabu sita, ukizoea iwe nane. Unajua mama anavyopuliza kijiko cha uji wa moto mtoto asiungue? Anapuliza polepole, akipuliza kwa nguvu uji unamwagika. Pumzi ni hiyohiyo. Fanya dakika tano, mara mbili kwa siku.

Na ufanye ukiwa UMETULIA. Hili nalirudia kila siku na hakuna anayenisikia. Watu wanataka kujifunza pumzi siku ya dhoruba. Nyavu zinashonwa nchi kavu, mbalamwezi ikiwa kubwa na taa hazivutii dagaa, wavuvi wamekaa mchangani na sindano zao, ndo muda wake. Wiki mbili za kwanza usitegemee pumzi ikuokoe kwenye hali mbaya, we unaizoesha tu, ili siku mwili ukiwaka njia iwe imeshachongwa.

Makosa ninayoyaona kila mara:

Kuvuta hewa nyingi haraka haraka. Vidole vitapata ganzi, midomo itacheza, kichwa kitakuwa chepesi, utadhani unakufa. Hufi, umetoa hewa chafu kupita kiasi tu. Punguza, vuta kidogo, toa polepole. Na usivae mfuko usoni kama kwenye muvi, ni hatari, hasa kama kumbe una pumu au shida ya moyo.

Kubana hewa ndani muda mrefu. Kwa mtu aliyenusurika maji, au aliyekabwa shingo, kubana pumzi kunamrudisha palepale. Usibane kabisa.

Kuhesabu kwa woga kama mtihani. Ukipoteza hesabu acha, imba. Kweli, kuimba polepole au kuvuma "mmmm" ni pumzi ndefu ya kutoka ambayo umeficha tu. Kuna mzee wangu mmoja Ujiji alikataa hesabu zangu akasema yeye ana dhikri yake, nikamwambia ifanye taratibu, mwisho wa kila neno uachie hewa yote. Rozari pia inafanya hivyo ukiisoma bila kukimbizana nayo.

HATUA YA 3: Rudi hapa ulipo

Hii ni kwa pale picha za siku ile zinapokuja ghafla mpaka huoni kilicho mbele yako. Macho WAZI. Geuza shingo polepole, kushoto, kulia, nyuma. Alafu taja kwa sauti, hata ya chini, vitu vitano unavyoviona, vinne unavyovigusa, vitatu unavyovisikia, viwili unavyovinusa, kimoja unachokionja.

Usitaje kijumla. Yangu ya siku moja pale Kibirizi ilikuwa hivi: naona boti la bluu limeandikwa jina la mtu, naona kamba imekatika, naona mama ana ndoo nyekundu, naona kunguru anamwibia dagaa, naona kandambili ya mguu mmoja. Nagusa mbao ya benchi ina msumari umechomoza. Nasikia injini, nasikia mtu anamdai mwenzake nauli... Nilipofika kwenye limao la mfukoni nilikuwa nimeshaanza kumcheka yule kunguru.

Alafu malizia kwa kusema jina lako, siku, na ulipo. "Naitwa fulani, leo Jumanne, niko Kibirizi nchi kavu, ile ilikuwa zamani." Hiyo sentensi ya mwisho iseme hata kama huiamini.

HATUA YA 4: Baridi na uzito

Lowanisha kitambaa maji ya baridi, weka kwenye mashavu na kuzunguka macho, sekunde 20 hadi 30, huku unatoa pumzi. Baridi usoni inashusha mapigo ya moyo. Wenye ugonjwa wa moyo, au wanaozimia zimia, waiache hii, washike tu kitu cha baridi mkononi.

Onyo ambalo mi nililipata kwa kujichoma mwenyewe: kuna maelekezo yanasema tumbukiza uso kwenye beseni. Kama kiwewe chako ni cha maji USIFANYE. Mi nilitumbukiza, nikatoka pale nimepindua beseni na jioni nzima imeharibika. Kitambaa kinatosha.

Uzito ni rahisi, pakata ule mfuko wa mchele, au jifunike blanketi zito, au egemea ukuta kwa mgongo mzima. Ukuta hauulizi maswali. Ila kama siku ile ulibanwa au ulikandamizwa, blanketi zito liache, tumia ukuta au kiti.

HATUA YA 5: Misuli ifanye kazi

Adrenalini inaandaa misuli kukimbia au kupigana, yenyewe inaisha mwilini haraka, ila misuli inaweza kubaki imekaza. Kwa hiyo:

a) Kaza na kulegeza. Anza na nyayo, kunja vidole kaza sekunde tano hadi saba, achia ghafla, sikilizia sekunde 15. Panda, mashavu ya miguu, mapaja, tumbo, ngumi, mabega mpaka masikioni, uso. Sehemu yenye jeraha au mfupa uliovunjika iruke.

b) Mwendo. Tembea dakika 20, ukihisi kisigino kinagusa kisha vidole. Kupanda kilima cha kutoka ziwani kuja Mwanga kunafaa sana na huku vilima havijaisha. Kutwanga, kulima, kufua, kupiga kasia, yote ni mazoezi. Aliyezima aanzie hapa, na aanze kidogo: kusugua viganja, kupiga miguu chini, kusimama, kutoka mlangoni. Asianze na kukimbia, atarudi amelala.

Mwili ukianza kutetemeka wakati unalegeza, uache utetemeke, haujaharibika. Kaa chini tu usije ukaanguka.

HATUA YA 6: Usiku

Usiku ndo mgumu, najua. Kahawa iishie saa sita mchana, na chai kali ya rangi usiku pia inakuweka macho, hata kama umekunywa tangu utoto. Lala na kuamka muda uleule. Kama usingizi haujaja baada ya kama nusu saa inuka, kaa kwenye kiti, usibaki kitandani unapigana na mto.

Ukiota jinamizi lilelile kila mara, kuna kazi inayofanyika MCHANA. Chukua daftari, andika ndoto kwa mistari mitatu minne, sio tukio zima, ndoto tu. Sasa badilisha mwisho wake utakavyo. Mi kwenye ndoto yangu dumu lilikuwa linateleza mikononi. Nikaandika upya dumu lina kamba, kamba imefungwa kwenye mtumbwi, mtumbwi una babu yangu anavuta huku ananisema nimeloweka shati. Nikairudia kichwani dakika 10 kila mchana. Sikuamini, ila baada ya wiki kadhaa ndoto ilianza kukosea kosea, mara dumu linakuwa kuku. Kama ndoto ni mbaya mno huwezi hata kuiandika, chagua ndoto ndogo zaidi uanze nayo.

Ukiamka unaweweseka: washa taa, miguu chini sakafuni, hatua ya 3. Anayelala na wewe asikushike mabega kukuamsha, aite jina lako kutoka miguuni kwako. Mke wangu alilijifunza hili kwa kiwiko changu.

HATUA YA 7: Ngazi ya kurudi kwenye unachokikwepa

Usianze hapa kabla hujafanya hatua za juu kama wiki nne, na hii ya kujifanyia mwenyewe ni kwa mambo ya ajali. Kama ni kubakwa, vita, mateso, au kifo cha mtoto wako mbele ya macho yako, ngazi hii ipande na mtaalamu, sio peke yako.

Kukwepa kunaleta nafuu leo na kunakula maisha kesho. Nilikwepa boti, nikakwepa ufukwe, nikakwepa barabara inayoona ziwa, nikakwepa nyumba zinazopika na mawese, ikafika mahali nimebaki dukani na chumbani. Andika ngazi kuanzia la kuogopesha kidogo hadi kubwa. Yangu ya mawese ilikuwa:

1. Kuangalia dumu tupu lililofungwa, mbali.
2. Kulishika.
3. Kufungua kizibo nikiwa nje, upepo unapuliza.
4. Kunusa mawese kidogo kwenye kijiko.
5. Kukaa jikoni mtu akikaanga.
6. Kula.

Kila kidato unakaa nacho mpaka woga ushuke kama nusu hivi, kwa mi ilikuwa dakika 20 mpaka 40, na unakirudia siku tofauti mpaka kichoshe. Kichoshe kweli, uanze kuwaza bei ya sukari. Ndo unapanda. Kidato cha tatu kilinichukua siku tisa, mke wangu akawa ananiletea chai nje nimekaa nalitazama dumu kama nalidai hela.

Kosa kubwa la hapa ni kuondoka woga ukiwa kileleni, maana mwili unaandika "nimepona kwa sababu nimekimbia" na kesho unaogopa zaidi. Ukiona umezidiwa shuka kidato kimoja, usitoke kwenye ngazi. Kosa la pili ni mabaunsa, yani rafiki anakubeba juu juu anakutupa kwenye boti "uzoee". Huyo mfukuze kistaarabu.

KUHUSU KUSIMULIA

Watu wanauliza, je nisimulie yote nitoe moyoni? Utaratibu wetu mtu akipata janga nyumba inajaa, na kila anayeingia anauliza ilikuwaje. Nia yao njema, ila kumlazimisha mtu asimulie tukio zima siku za mwanzo hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha namna hiyo. Una ruhusa ya kusema "nitasimulia nikiwa tayari, kwa sasa naomba tukae tu." Weka mtu mmoja mlangoni awe ndo anajibu.

Ukiwa tayari, chagua mtu asiyekukatisha. Simulia kuanzia ulipokuwa salama kabla, mpaka ulipokuwa salama baada, usiishie katikati ya maji.

Kwa waliopitia mengi, na mkoa wetu unawajua watu hao, kambi ya Nyarugusu kule Kasulu ilianza kupokea wakimbizi 1996, wataalamu wana njia wanalaza kamba chini, kamba ni maisha yako tangu kuzaliwa, unaweka ua pale palipokuwa na jambo jema na jiwe pale palipoumiza, alafu mnasimulia kipande kwa kipande kwa mpangilio mpaka kila jiwe lijue mwaka wake. Iliundwa kwa ajili ya watu waliotoka vitani na imetumika kwenye kambi za wakimbizi Uganda. Inafanywa na aliyefundishwa, ukisikia mtoa huduma wa kambini au hospitali anaijua, omba.

VITU VYA KUACHA

Gongo na bia za kulalia. Unalala saa tatu, unaamka saa nane moyo unapiga ngoma. Bangi vilevile, wengine inawazidishia woga.

Vidonge vya usingizi vya kununua duka la dawa bila cheti, hasa daizepamu. Mwezi wa kwanza baada ya tukio ndo watu wanakimbilia hivyo na ndo muda ambao havishauriwi kwa kiwewe, vinazoeleka haraka. Na kama tayari unavitumia kila siku kwa wiki nyingi, usivikate ghafla, muone daktari akupunguzie.

Video za ajali kwenye magrupu ya WhatsApp. Zima kujipakua kwa video, na toka kwenye grupu kama wenyewe hawaelewi.

IKIGOMA, ANGALIA HAPA

"Nikifumba macho ndo picha zinakuja." Usifumbe. Hakuna sehemu nimesema ufumbe. Tazama kitu kimoja chini mbele yako.

"Nikizingatia pumzi ndo naogopa zaidi." Wapo wengi. Achana na pumzi, hamia miguuni, kanyaga chini kushoto kulia, au shika kitu cha baridi. Pumzi utaijaribu baada ya mwezi.

"Nimefanya siku tatu sijaona kitu." Angalia daftari sio hisia. Kama "nimewaka" ilikuwa mara sita kwa siku ikawa nne, inafanya kazi. Kama wiki tatu hakuna mabadiliko kabisa, nenda hospitali.

"Wanasema nimerogwa, au nina jini." Sitabishana na imani yako, nenda kwa shehe au mchungaji unayemwamini, ila akikupiga, akikufunga kamba, akikunyima chakula au kukukataza dawa, ondoka. Na hatua hizi zinaendelea kufanyika sambamba.

"Nilishapona, imerudi baada ya mwaka." Angalia kalenda. Mi kila Juni upepo wa kusini ukianza kupiga mabati usingizi unapungua, sio kwamba nimerudi mwanzo. Mwezi huo narudisha pumzi mara tatu kwa siku na safari naahirisha nikiweza.

"Mtoto wangu amerudi kukojoa kitandani, anacheza mchezo wa ajali, haniachii." Kwa watoto ni kawaida baada ya mshtuko. Usimchape, usimcheke. Mrudishie ratiba, chakula saa ileile, kulala saa ileile, mjibu ukweli kwa maneno mafupi, na pumzi mfundishe kwa kupuliza unyoya au mapovu ya sabuni. Ikizidi mwezi mpeleke.

"Nitajuaje ni muda wa hospitali?" Zaidi ya mwezi na bado hulali, hufanyi kazi, unakwepa watu, picha zinakuja zenyewe, unapungua kilo, unasikia sauti ambazo wengine hawasikii. Ukiwaza kujiua usisubiri mwezi, nenda leo leo kama nilivyosema mwanzo. Anzia zahanati au kituo cha afya wakupe rufaa, kwa Kigoma hospitali ya mkoa ni Maweni, kwa Tabora ni Kitete. Ukifika usiseme tu "kichwa kinauma na mwili umechoka", utapimwa malaria urudi nyumbani na dawa za maumivu, hilo lilinitokea mimi mara tatu kwenye vituo tofauti na kosa lilikuwa nusu langu. Sema: "nilipata ajali tarehe fulani, tangu siku hiyo silali, nashtuka, picha zinanijia." Beba daftari.

"Kaka, we mwenyewe boti umepanda?" Mara mbili. Ya mwisho kutoka Kibirizi kwenda Mwamgongo, asubuhi, ziwa limetulia, laifu jaketi nimevaa kuanzia nyumbani watu wakinicheka kwenye bajaji. Nilikaa pembeni ninapoona nchi kavu, kiganja kilitoa jasho mpaka noti ya nauli ikalowa, kondakta akaikunjua kwa ncha za vidole akanitazama. Nyuma yetu kulikuwa na madumu ya mawese kama 15 hivi, yamejaa, moja lilikuwa linavuja.